LILILO CHINI YA MAJI

Kila bwawa lina hadithi mbili. Ya kwanza husimuliwa siku wakubwa wanapokata utepe: maji, umeme, mavuno. Ya pili imelala chini ya maji, pamoja na mashamba na makaburi ya waliohamishwa. Leo twaisema hiyo ya pili.

Bwawa la Hombolo, katika nchi ya Wagogo, lilijengwa mwaka 1957, zama za Mwingereza. Katika nchi ya ukame, nani atakataa maji? Hatukatai. Lakini maji yakisimama juani hupungua na kuacha chumvi, na kila masika mito huleta udongo wa vilima vilivyokatwa miti. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha Hombolo chajazwa matope.

Miaka hiyohiyo wakoloni waliuziba mto Zambezi pale Kariba. Umeme ulikuwa wa nani? Wa migodi ya shaba na viwanda vya walowezi. Gharama ilikuwa ya nani? Ya Watonga wapatao 57,000 waliong'olewa katika mashamba yao ya mtoni. Septemba 1958 watu wa Chifu Chipepo walikataa kuhama. Polisi wakapiga risasi, wakaua wanane. Kisha mwaka 1960 bwawa likafunguliwa kwa shangwe, na Watonga wengi wakabaki gizani.

Wakoloni wamekwenda. Mtera lilimalizika mwaka 1980, na bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Haya ni yetu, nasi twajivunia. Kwa sababu ni yetu, kisingizio hatuna. Serikali ya kigeni haikutaka kuulizwa. Serikali ya wananchi haina budi kuulizwa.

Twasema mambo matatu. Kwanza, anayehamishwa alipwe kabla maji hayajafika mlangoni pake. Pili, umeme na maji ya bomba vianze kwa yule aliyetoa ardhi. Tatu, vilima vinavyomwaga udongo Hombolo vipandwe miti na kuchimbwa matuta. Jambo hili lawezekana: Kondoa, chini ya mradi wa HADO ulioanza mwaka 1973, majani yalirudi palipokuwa makorongo matupu.

Nanyi wazee mnaolikumbuka bonde kabla ya mwaka 1957, tajeni majina ya mahali palipozama, vijana wayaandike. Shamba likizama hulipwa kwa shamba jingine. Jina likizama hakuna wa kulilipa.