Kwaherini Mabwana wa Magari: Neno Kutoka Malaba

Usiku mmoja wa Septemba 2024, baada ya sala ya Isha, nalikuwa nimeketi katika hoteli ya mama mmoja wa kwetu Mombasa hapa Malaba, mbele yangu kikombe cha chai ya maziwa na mahamri mawili, nikitazama Waingereza watatu wakiagana. Hoteli yenyewe ni mabati na mabenchi manne, lakini ndiyo baraza yetu sisi watu wa Pwani tulioletwa huku na kazi za forodha na malori. Umeme ulikuwa umekatika. Tulitazama katika simu ya karani mmoja kijana, imeegemezwa kwenye chupa ya chai, watu saba vichwa vimegusana.

Waingereza hao ni Jeremy Clarkson, Richard Hammond na James May. Kipindi kilichowapa jina, Top Gear, kilianza 1977 katika BBC ya Birmingham, kikafufuliwa kwa sura mpya 2002. Mwaka 2015 Clarkson alimpiga mtayarishaji wake, naye akaachishwa; wenziwe wakamfuata. Waliokuja nyuma yao walijitahidi, hata mmoja wao, Andrew Flintoff, akaumia vibaya kazini Desemba 2022, na mwaka uliofuata BBC ikatangaza kwamba kipindi kimepumzishwa. Wale watatu walikuwa wamekwisha hamia Amazon tangu 2016 na kipindi kingine, The Grand Tour. Safari tuliyokuwa twaitazama, ya kutoka Zimbabwe hadi Botswana, ndiyo ya mwisho wao pamoja.

(Hesabu hii ilinishitua. Mwaka 1977 ndio ulioizika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Huku kwetu mipaka ilikuwa yafungwa, na kule wenzetu walikuwa wafungua kipindi cha kutembea na magari.)

Wako watakaosema na waende zao. Siwalaumu. Watu hawa walikuwa na ulimi mbaya. Mwaka 2011 waliwatukana watu wa Mexico hata BBC ikambidi kumwomba radhi balozi wao, na 2014 walitolewa Argentina kwa mawe, kwa sababu ya nambari ya gari iliyoonekana kuwakejeli wenyeji kwa vita vya Falklands. Mtu kwenda nyumbani kwa watu kisha akawacheka ni jambo ambalo mzee yeyote wa Pwani angemkanya mwanawe.

Lakini yule mzee aliyekuwa kando yangu alikuwa na shauri jingine. Ni dereva, vijana humwita Ami. Njia ya Mombasa na Kampala ameiendesha zaidi ya miaka thelathini, nayo kutoka bandarini hadi hapa tu ni zaidi ya kilomita 900.

"Hawa nina ugomvi nao mmoja," alisema. "Mwaka 2013 walioneshwa wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Wakapita Uganda, wakapita Rwanda, wakaenda Tanzania. Kwetu hawakufika!"

Tulicheka, ila maneno yake yana haki. Mtu anayependa mambo ya usafiri angepata nini kikubwa kuliko mpaka huu? Pale Busia, mwendo mfupi kutoka hapa, ndipo neno "bodaboda" lilipozaliwa, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na vifurushi vyao ile nafasi iliyo baina ya kituo cha Kenya na cha Uganda. Leo neno hilo lasemwa Lamu, lasemwa Dar es Salaam, na wanaolisema wengi hawajui kwamba ni mtoto wa Busia.

Karani akauliza: "Ami, lakini hawa gari la mmoja likiharibika si wenziwe humwacha njiani?"

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao katika safari zao ndefu. Anayekwama hukwama peke yake, wenziwe wakaenda zao wakicheka.

"Ni mchezo, mwanangu," Ami akajibu. "Wao nyuma yao wana gari la fundi. Sisi tukiachana twafa."

Hapo sikucheka tena, kwani nilimkumbuka yeye huyu mwaka 2020. Wakati wa korona madereva walizuiwa hapa wakingoja kupimwa na kupewa majibu, na foleni ya malori ikarudi nyuma makumi ya kilomita kuelekea Bungoma. Ramadhani ikawakuta humo humo barabarani. Magharibi nilikuwa nikipita na birika nikiwaona wamefuturu kwa tende na maji chini ya trela, kisha wakasali kwenye turubai lililotandikwa baina ya magurudumu. Ami alikuwa na uji katika sufuria moja, akiugawa kwa watu wa malori sita, Waislamu na wasio Waislamu, Wakenya na Waganda. Mijini watu waliwakimbia madereva kana kwamba wao ndio ugonjwa wenyewe. Ziko hoteli zilizokataa hata kuwauzia chai. Na runinga zetu zilipofika, kamera zilipiga picha ya ile foleni kwa mbali, mtangazaji akasoma idadi ya waliopatikana na ugonjwa, akaondoka. Hakuna aliyemwuliza Ami jina lake.

Ndiyo sababu naona uzito kuwaaga Waingereza hawa. Kwa ujeuri wao wote walijua jambo moja ambalo watangazaji wetu hawajalijua, kwamba gari bovu, njia mbaya na watu watatu waliozoeana ni hadithi ya kutosha saa nzima. Twaoneshwa Safari Rally tangu iliporudi katika mashindano ya dunia 2021, magari ya fedha nyingi yakitimua vumbi Naivasha, na ni jambo zuri. Lakini vituo vyetu viko vingi, na barabara hii ndiyo ilishayo Uganda, Rwanda hata mashariki ya Kongo. Je, haiwezekani mtu mmoja na kamera moja apande na Ami kutoka Kilindini, alale naye Mlolongo, amsikie akibishana na fundi Salgaa, afike naye hapa? Gharama yake haifikii hata gurudumu la gari la mashindano.

Niliyasema hayo kwa sauti pale mezani. Karani akasema wangekata hadithi na kuweka matangazo ya sabuni. Huenda.

Waingereza walikuwa wamekaribia mwisho, jangwa jeupe la chumvi la Botswana limewazunguka, mahali walipokwisha fika pamoja 2007. Hapo utingo wa Ami akachungulia mlangoni.

"Ami, foleni imesogea!"

Mzee akanywa chai yake iliyobaki kwa funda moja, akavaa kofia, akamwekea mama fedha mezani.

"Nikirudi Alhamisi," akamwambia karani, "utaniambia yale magari waliyaacha wapi."