Bei zimepanda, matumizi ya nyumbani yamebaki palepale

 

Ndugu msomaji, tulifikiwa na mume na mke waliotaka kusuluhishwa. Mume ni fundi seremala, mtu wa sala na asiyependa ugomvi. Tangu mwaka 2020 huacha nyumbani shilingi 10,000 kila asubuhi kwa ajili ya chakula cha watu sita. Mke alilalamika kuwa fedha hizo hazitoshi tena. Mume akamtuhumu kwa ubadhirifu, na hoja yake aliipata redioni. "Sheikh wetu," alisema, "wametangaza kuwa mfumuko wa bei ni asilimia tatu, na mwezi wa nyuma walisema hivyo hivyo. Kama bei zimetulia, fedha zangu zinakwenda wapi?" Mke hakuwa na takwimu. Alikuwa na kikapu chake cha sokoni, akatutajia kimoja kimoja kilichokuwa kikiingia humo mwaka ule na kinachoingia sasa.

Tulipowasikiliza tuliona kwamba hakuna aliyesema uongo. Mume aliisikia tarakimu sawasawa, ila hakuelewa maana yake. Kosa hilo ni la wengi, na kwa kuwa linazaa dhuluma ndani ya nyumba bila mwenye kudhulumu kujua, tumeona tulieleze.

Asilimia tatu maana yake nini

Mwanzoni mwa kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutangaza fahirisi ya bei za mlaji. Wakusanyaji wake huzunguka katika masoko na maduka ya mikoa ya Tanzania Bara, Mwanza ikiwamo, wakiandika bei za vitu vile vile: mchele, unga, mkaa, nauli, kodi ya nyumba, dawa na vinginevyo. Bei hizo huwekwa katika kapu moja, kila kitu kwa uzito wake, kisha jumla ya mwezi huu hulinganishwa na jumla ya mwezi kama huu wa mwaka uliopita. Ongezeko hilo kwa kila mia ndilo liitwalo mfumuko wa bei wa mwaka.

Kwa hiyo ikisemwa asilimia 3, maana yake ni kuwa kapu lililogharimu shilingi 100 mwaka jana sasa lagharimu shilingi 103. Na mfumuko ukishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bei hazikushuka. Zimepunguza mwendo wa kupanda. Mtu anayepanda kilima cha Bugando akichoka hupunguza hatua, lakini bado anapanda.

Haki lazima isemwe. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2024 wastani wa mfumuko wa kila mwaka haukuvuka asilimia 5. Sisi tunaokumbuka Desemba 2011, ulipofika asilimia 19.8, twajua kuwa utulivu huo ni neema. Hata hivyo ongezeko dogo hupanda juu ya ongezeko dogo. Wastani ulikuwa asilimia 3.7 mwaka 2021, asilimia 4.3 mwaka 2022, asilimia 3.8 mwaka 2023 na asilimia 3.1 mwaka 2024. Ukizipandisha moja juu ya nyingine, kapu la shilingi 10,000 la mwaka 2020 lilihitaji takribani shilingi 11,570 mwaka 2024. Ile elfu kumi ya fundi wetu, ambayo haikuongezwa hata shilingi, ilinunua kile ambacho miaka minne nyuma kilipatikana kwa shilingi 8,640 hivi. Alikuwa amempunguzia mkewe matumizi kila mwaka, naye akidhani anatoa kile kile.

Tena hesabu hiyo ni ya kapu la taifa. Katika kapu linalotumika tangu mwaka 2021, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimepewa uzito wa 28.2 kati ya 100. Kabla ya hapo ulikuwa 38.5. Huo ni wastani wa kaya zote, za matajiri na za maskini kwa pamoja. Familia ya fundi, ya mchuuzi au ya mvuvi yaweza kutumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwa chakula pekee. Chakula kikipanda kuliko vitu vingine, familia hiyo huumia kuliko tarakimu inavyoonyesha. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka 2023: mfumuko wa jumla ulikuwa chini ya asilimia 5, ilhali wa chakula ulikaribia asilimia 10. Redio ilisoma tarakimu ya kwanza, na mama wa nyumbani akaishi katika ya pili.

Bei za kudra

Sisi wakazi wa kandokando ya ziwa tuna hesabu nyingine ambayo wastani wa taifa hauwezi kuionyesha. Kitoweo cha asiyemudu sato wala sangara ni dagaa, nao huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta palipo na giza. Mwezi unapopevuka, kuelekea zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ambazo ni sunna kuzifunga, nuru ya angani huishinda taa, mitumbwi mingi hupumzika na mzigo hupungua Mwaloni Kirumba. Giza likirudi, dagaa hurudi. Mvua ikinyesha mfululizo, walioanikwa huharibika hata kama ziwa limetoa kwa wingi. Na wakati wote huo wanunuzi wa kutoka Kongo na nchi nyingine jirani wako hapo hapo sokoni, wakishindania gunia lile lile na mama wa Igogo.

Mafuta nayo yana habari yake. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Mwanza hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa kuwa mafuta husafirishwa zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni pekee, na bado nauli na bei za mizigo zilipanda.

Katika hali kama hizi hakuna wa kushutumiwa. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (S.A.W.) wakamwomba awapangie bei. Kama alivyopokea Anas bin Malik, naye Abu Daud na Tirmidhi wakaandika, Mtume alikataa; aliwajulisha kuwa mwenye kupanga bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye hataki kukutana na Mola wake huku mtu akimdai haki ya damu au ya mali. Mfanyabiashara naye ana haki. Kumlazimisha auze kwa hasara kitu alichokinunua ghali ni kumdhulumu.

Bei za dhuluma

Lakini si kila bei ni ya kudra. Ibn Taymiyya, katika maandishi yake juu ya hisba, alieleza kuwa yako mambo mawili yasiyofanana: bei iliyopanda kwa uhaba au kwa wingi wa wanunuzi, ambayo si halali kuizuia kwa nguvu, na bei iliyopandishwa na watu walioshika bidhaa huku wengine wakiihitaji. Hiyo ya pili mtawala anayo haki, bali anao wajibu, wa kuiingilia. Umma wenye kuchanganya mambo haya hukosea mara mbili: humpiga asiye na kosa, na humwachia mkosaji ajifiche nyuma ya neno "riziki".

Tuitazame sukari. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia uvunaji wa miwa na viwanda vikapunguza uzalishaji. Huo ulikuwa uhaba wa kweli. Serikali ilitangaza bei elekezi mwezi Januari, lakini mitaani kilo moja ikauzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000, na Ramadhani ilikuwa imekaribia. Mwenye duka aliyenunua ghali akauza ghali hakufanya dhambi. Lakini yule aliyekuwa na magunia ya bei ya zamani, akafunga stoo akingoja mwezi wa futari, huyo amekusudiwa na ile hadithi iliyopokewa na Muslim inayomhukumu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosaji. Wanazuoni wengi wamemtofautisha na mkulima anayeweka mazao ya shamba lake mwenyewe. Wamemtofautisha pia na anayeweka akiba kwa maslahi ya umma, kama alivyofanya Nabii Yusuf (A.S.) katika ghala za Misri.

Dhuluma ina sura nyingine za kimya. Mtume (S.A.W.) alikataza kuwawahi wenye misafara nje ya mji kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Misafara yetu ni mitumbwi. Leo mvuvi wa kisiwani ana simu na anaweza kuuliza bei ya Mwaloni. Lakini aliyekopeshwa nyavu na mafuta na mnunuzi, kwa sharti la kumuuzia yeye tu kwa bei ya chini, hana uhuru wa kuitumia simu hiyo. Mkopo wenye sharti kama hilo umemvutia mkopeshaji manufaa, na mafakihi wameuingiza katika mlango wa riba. Mlaji mjini hapati unafuu wowote kutokana na unyonge wa mvuvi. Tofauti yote huishia katikati ya njia.

Sura nyingine ni fungu la nyanya linalobaki na bei ile ile huku nyanya zikipungua, kisado kilichobonyezwa chini, na dagaa waliochanganywa na mchanga ili wazidi uzito. Surat al-Mutaffifin imewashukia watu wa namna hii kwa onyo kali. Na iko ile tabia ya bei kuwa na miguu ya kupandia tu. Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari ya Sengerema, Geita na Kagera yalipumzika na foleni za kivuko. Aliyekuwa akitaja kivuko kuwa sababu ya kupandisha bei anapaswa kujiuliza kama ameliingiza daraja katika hesabu zake.

Pamoja na hayo tusidhani kuwa mabavu ndiyo dawa. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1980 twakumbuka foleni za sukari na sabuni, na twakumbuka mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wako waliotupa bidhaa usiku kwa hofu ya kukamatwa. Vilivyofichwa vilifichuka, lakini maduka hayakujaa kwa sababu hiyo. Unafuu ulianza kuonekana baada ya mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Umar bin al-Khattab (R.A.), katika mwaka wa ukame, aliagiza chakula kutoka Misri na Sham, na yeye mwenyewe akajinyima samli mpaka watu waipate. Alileta bidhaa, kisha akawa wa kwanza kubeba dhiki.

Turudi nyumbani

Ndugu zetu, soko la dunia hatulimiliki, lakini nyumba zetu tunazimiliki. Sheria imemwajibisha mume matumizi ya mkewe na watoto wake kwa kadiri ya uwezo wake na kwa kadiri ya kutosheleza, kwa wema. Haikuweka idadi ya shilingi. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, hampi cha kutosha, aliruhusiwa kuchukua kinachomtosha yeye na watoto wake kwa wema. Kipimo kilikuwa kutosheleka. Kwa hiyo mume aliyepanga kiasi mwaka 2020 akakiacha hapo, ilhali kipato chake kimeongezeka, ana deni. Na ambaye kipato chake hakikuongezeka hana lawama, ila aseme hivyo waziwazi na asimwite mkewe mbadhirifu.

Misikiti nayo ijiangalie. Zakatul-fitri ni pishi ya chakula, takribani kilo mbili na nusu, na pishi haiguswi na mfumuko. Panapotangazwa thamani yake kwa shilingi, tarakimu ya mwaka jana isisomwe tena kwa mazoea. Mtu aende sokoni kwanza aulize bei ya mchele. Vinginevyo tutampunja fakiri siku ile ile tuliyoamriwa kumtosheleza.

Wale wana ndoa tuliwaomba waende sokoni pamoja Jumamosi moja, mume ndiye abebe kikapu na kulipa. Alirudi amenyamaza. Alituambia kuwa alimaliza shilingi 10,000 kabla hajafika kwenye mafuta ya kupikia. Kazi za mbao zimepanda bei pia, alikiri, na miaka yote hiyo yeye mwenyewe alikuwa akiwaongezea wateja wake bei ya kitanda na ya mlango. Ameongeza matumizi hadi shilingi 13,000, na amemtaka mkewe radhi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atubarikie katika vipimo vyetu na mizani zetu, awaongoze wenye kuuza na wenye kununua, na atuepushe na kuita kudra kile ambacho ni dhuluma ya mikono yetu. Wabillahi tawfiq.