Kabla ulie na bei ya unga, cheki mbegu kwanza

Wasee, mnakumbuka 2022 vile pakiti ya unga ya kilo mbili ilipita 200? Mvua ilikuwa imefeli misimu kadhaa mfululizo tangu mwisho wa 2020. Serikali ikashusha bei hadi mia kwa wiki chache, kura zikapigwa, stori ikaisha.

Sasa skia. Pale Katumani, Machakos, watafiti walitoa mahindi ya sehemu kavu tangu miaka ya 60. Hukomaa kama miezi mitatu, so mvua ikikatika mapema inapata ishabeba. H614 ya kina Kitale hutaka miezi sita kwenda juu. Ukiipanda Makueni hiyo ni kubet tu, na mvua ya siku hizi haina adabu.

Lakini mbegu ikikaa stesheni haisaidii mtu. Mkulima wa Mwingi anaitaka kwa agroveti kabla ya Oktoba, si Desemba, na afisa wa kilimo wa kumwonyesha. Hao maofisa ni kazi ya kaunti tangu 2013, na mashinani unawatafuta na tochi. Gavana wako akikuja na bajeti, muulize ameandika wangapi.