Chakula cha asubuhi cha mtoto kisingoje kopo la dukani

Beni, Kivu Kaskazini – Saa moja ya asubuhi, mtoto anatoka nyumbani na daftari mkononi na tumbo tupu. Jambo hilo ni la kawaida katika nyumba nyingi za Beni na Oicha, ambako wahami wa vita wanaishi pamoja na familia zilizowapokea. Si kila mara unga umekosekana. Mara nyingine unga upo, lakini makala ya kuwasha mbabula hayapo, maji hayajachotwa, na mama amekwisha kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya watu.

Uji ni chakula kizuri, lakini unadai moto kila asubuhi, na ule wa jana hauaminiki. Kipande kikavu kilichookwa jioni kinaliwa kesho yake bila kuwasha chochote. Mtoto anakiweka mfukoni na kwenda nacho shuleni.

Vipande vya namna hiyo vinaonekana sana kwenye simu, vikipikwa kwa ile nafaka ya Ulaya ambayo wengi wanaijua kwa jina la kopo lake, Quaker. Mzazi akiuliza bei ya kopo, anakata tamaa na kusema kwamba hicho ni chakula cha matajiri. Hapo ndipo kosa lilipo. Kazi ya nafaka hiyo inaweza kufanywa na unga wa mahindi, na karanga na soya zina protini nyingi kuliko hiyo ya kopo. Vyote hivyo vinalimwa Kivu, na ndizi mbivu ipo kila soko.

Namna ya kupika si ngumu. Vikombe viwili vya unga wa mahindi vinakaangwa kidogo bila mafuta. Vinachanganywa na kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, nusu kikombe cha unga wa soya, ndizi tatu mbivu zilizopondwa, vijiko vitatu vya mafuta na chumvi kidogo. Mchanganyiko ukiwa mgumu, maji kidogo yanaongezwa. Unashindiliwa ndani ya sufuria iliyopakwa mafuta, mfuniko unawekwa, na makala machache yanawekwa chini na mengine juu ya mfuniko. Baada ya nusu saa au zaidi kidogo, ukiwa umekauka na kuwa kahawia, unaachwa upoe kabla ya kukatwa. Kwa ndizi, vipande viliwe ndani ya siku mbili.

Lakini uangalifu unahitajika. Soya isikaangwe nusunusu, kwani mbichi inasumbua tumbo. Karanga zenye ukungu zitupwe. Kuzikaanga hakuondoi sumu yote. Mtoto asiyetimiza miezi sita anyonye tu, na mdogo aliyekwisha anza kula apondewe kipande ndani ya maziwa. Tena, hii si dawa. Mtoto aliyekonda sana au aliyevimba miguu apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa.

Wapo watakaosema kwamba mhami asiye na franka hata moja hawezi kununua karanga wala mafuta. Wanasema kweli, na ndiyo sababu jambo hili lisiachiwe mama peke yake. Familia tatu zinazoishi katika kiwanja kimoja zinaweza kuchangia moto mmoja: huyu analeta unga, yule karanga, mwingine makala. Mashirika ya kiutu nayo, yanapogawa unga na maharagwe, yafikirie pia makala na kazi ya kupika. Kilo zilizoandikwa kwenye karatasi hazimshibishi mtoto kama hakuna moto wa kuzipikia.

Kipande cha karanga hakitamrudisha mhami kijijini kwake. Usalama wa kurudi kulima ni deni la serikali, na deni hilo lazima lilipwe. Ila wakati wa kungoja, mtoto anaingia darasani kila siku, na mwenye njaa hasikii anachofundishwa. Hilo la asubuhi, wazazi na majirani wanaweza kulianza jioni ya leo.