Je, Mtambo wa Kutuliza Tela Hula Dizeli?

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, bei ya unga, mchele na sabuni hufungamana na safari ya lori. Shehena itokayo Pemba kwa barabara hupita Macomia na Awasse, huingia Mocímboa da Praia, na ndipo hufika Palma. Kila lita ya dizeli inayoungua njiani hulipwa mwishowe na mama mwenye kikapu sokoni. Si ajabu, basi, mwenye lori kutafuta kila njia ya kupunguza mafuta. La hatari ni kuamini kwamba mojawapo ya njia hizo ni kuchomoa waya wa mtambo unaolituliza tela.

Mtambo huu si wa anasa. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuufanya kuwa wa lazima, kwa awamu, katika malori na matela mapya. Kazi yake yaeleweka kwa urahisi. Vipimo vilivyo magurudumuni hutoa habari ya mwendo wa kila gurudumu; kipimo kingine huhisi jinsi tela linavyosukumwa upande katika kona. Tela likikaribia kuinuka upande mmoja, mtambo hukamata breki za tela wenyewe, aghalabu kabla dereva hajatambua kuwa yumo hatarini.

Je, kazi hiyo hula mafuta? Umeme unaotumika ni mdogo, mfano wa ule wa taa chache za gari. Upepo unaokamata breki ni ule ule uliomo katika matangi ya lori, ambao ungekuwapo hata kama mtambo usingekuwapo. Barabara ikiwa nyoofu na dereva akiwa mtulivu, mtambo hufanya kazi ya mlinzi: huangalia tu. Tofauti yake katika matumizi ya dizeli ni ndogo kiasi cha kutoonekana wakati wa kujaza tangi.

Mambo hubadilika pale unapolazimika kuingilia kati. Lori lenye uzito wa tani 40, likipunguzwa kwa breki kutoka kilomita 60 hadi 40 kwa saa, hugeuza nguvu ya mwendo wake kuwa joto. Ili kuurudisha mwendo huo, injini huhitaji karibu robo lita ya dizeli. Lakini hasara hiyo imetokana na haraka ya mguu wa dereva, na mtambo umefuata baadaye tu. Dereva ateremkaye kutoka nyanda za juu za Mueda kuelekea pwani, akiachia pedeli ya mafuta mapema kabla ya kona, hupoteza kidogo na mtambo hausumbuki. Taa ya mtambo ikiwaka mara kwa mara kwenye kona, dereva ameonywa kuwa anakwenda kasi mno, au shehena yake imerundikwa juu mno, au imeegemea upande mmoja.

Mwenye lori atafutaye dizeli yake iliyopotea na aitafute kwingine. Breki inayosugua daima hulifanya lori livutane na nafsi yake: baada ya safari, gurudumu lililo moto kuliko wenzake hujulikana hata kwa kulisogezea kiganja bila kuligusa. Bomba la upepo linalovuja huifanya kompresa ifanye kazi bila kupumzika. Tairi lenye upepo pungufu huwa zito barabarani, na ekseli iliyopinda huyaburuza matairi na kuyala upande. Tena mchanga mlegevu hudai nguvu mara kadhaa kuliko lami. Huko hakuna mtambo wala waya wa kulaumiwa.

Na anayechomoa waya hupata nini? Katika matela yenye breki za kuongozwa kwa umeme, waya huo huo ndio unaosaidia kupima nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ukichomolewa, tela tupu laweza kukamatwa kwa nguvu iliyokusudiwa tela lililojaa. Magurudumu hugoma kuzunguka, matairi husagika, na tela huweza kulipita lori ubavuni. Bei ya tairi moja huzidi mbali dizeli iliyodhaniwa kuokolewa.

Pwani hii imekwisha kujua maana ya barabara kufungwa. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, na baada ya Palma kuvamiwa mwezi Machi 2021, kuna nyakati ambapo malori yalikwenda kwa misafara yenye ulinzi, na nyakati ambapo chakula kilitegemea vyombo vya baharini. Katika hali kama hiyo, lori moja likipinduka njiani huwazuia wote walio nyuma yake, na dereva na utingo wake huenda wasirudi kwa watoto wao.

Mwenye lori na apime upepo wa matairi kila asubuhi, akague breki, afunge shehena chini na katikati, na kumlipa dereva kwa namna isiyomlazimisha kukimbia. Waya wa mtambo na uachwe mahali pake.