Barua ya Nakuru: Kamba ya Gari la Jagannath

Juma hili sitaandika habari za mvua wala za bei ya viazi. Nimetoka Nairobi, na jambo nililolitenda huko limenikosesha usingizi. Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe.

Hapa Nakuru yuko mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la misumari, majembe na rangi. Marehemu baba yangu alinunua kwake, nami hununua kwake. Miaka hii yote maneno yetu yalikuwa ya bei tu, yeye nyuma ya meza, mimi mbele yake. Mwezi uliopita nilimwuliza juu ya picha iliyotundikwa ukutani: sanamu tatu zenye macho makubwa ya mviringo. Akavua miwani, akasema, "Bwana karani, huyo mweusi ni Jagannath. Njoo Nairobi umwone akitembea."

Akanieleza kwa kirefu, mpaka wanunuzi wengine wakaanza kuguna. Jagannath maana yake ni Bwana wa Ulimwengu, na hekalu lake kuu liko Puri, katika Odisha, pwani ya mashariki ya Bara Hindi. Kila mwaka, mwezi wa Juni au Julai, yeye na ndugu yake Balabhadra na dada yao Subhadra hutolewa hekaluni, kila mmoja akapandishwa gari lake la mbao, wakakokotwa na umati mkubwa hata hekalu la Gundicha, mwendo wa kilomita 3 hivi. Magari hayo huundwa upya kila mwaka. La Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Na kabla ya safari, mfalme wa Puri mwenyewe huyafagia kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu. Waingereza walipoyaona walishangaa, hata wakalitwaa jina la Jagannath likawa neno lao la kitu kizito kinachoponda kila kilicho mbele yake. Mzee hakulipenda neno hilo. Kwake yeye maana ni nyingine: asiye Mhindu haruhusiwi kuingia katika hekalu la Puri, basi siku hiyo mungu mwenyewe hutoka barabarani ili kila mtu amwone.

Jijini Nairobi sherehe hiyo huandaliwa na jumuiya ya Hare Krishna, iliyoanzishwa New York mwaka 1966 na Swami Prabhupada. Yeye alifika Nairobi mwaka 1971, na wafuasi wake wameandika kwamba aliagiza milango ya hekalu mjini ifunguliwe ili Waafrika waingie.

Nilipanda matatu alfajiri. Nilipofika, gari lilikuwa tayari, limefunikwa vitambaa vyekundu na vya manjano na kupambwa kwa maua, na kamba mbili nene zimelazwa barabarani mbele yake. Mbele walitangulia wenye mafagio, kisha waliovunja nazi, kisha ngoma na matoazi. Wanawake wa Kihindi waliovaa sari walishika kamba pamoja na vijana wa Kiafrika. Mzee aliniona, akanionyesha nafasi.

Hapo ndipo miguu ilipokuwa mizito. Mimi nimelelewa misheni; habari za Shadraki, Meshaki na Abednego nilizikariri nikiwa mtoto. Je, kukokota ni kusujudu? Nilimkumbuka pia Naamani, aliyeomba asamehewe atakapoinama katika nyumba ya Rimoni kwa ajili ya bwana wake. Nikajiambia kuwa nasaidia tu, kama tunavyosaidiana kukwamua lori la viazi katika matope ya Molo. Nikashika kamba. Nawakiri, wasomaji, kwamba sababu hiyo sikuiamini sana hata wakati ule.

Tulikuwa hatujakwenda mbali, mwenye mkokoteni wa mboga akanikaribia, akaninong'oneza, "Ndugu, wanalipa ngapi?"

Sikuweza kumcheka. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao watu wa Punjab, kujenga reli iliyofika Nakuru mwaka 1900. Wapatao 2,500 walikufa. Wakati ule Mhindi ndiye aliyevuta kwa ujira. Baadaye, machoni petu, Mhindi akawa mwenye duka na Mwafrika mchukuzi wake. Julai 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44, lakini tangazo halimwondoi mtu nyuma ya meza yake. Nilimjibu yule ndugu kuwa hakuna malipo. Akatazama mikono ya mzee, iliyokuwa imeshika kamba ile ile mbele yangu, akaenda zake akitikisa kichwa. Wala si Wahindi wote walioshuka kuvuta. Wako waliotazama kutoka ghorofani.

Nyumbani, mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nilikula chakula chao. Nilikula: wali, dengu na halua, tena niliongezewa. Akanyamaza, akachukua ndoo, akaenda kukama. Mpaka leo hajalitaja jambo hilo tena, nami sijathubutu kumwambia mzee wa kanisa.

Jumatatu nilikwenda dukani kununua kilo mbili za misumari. Viganja vyetu wote wawili vilikuwa na malengelenge. Tulionyeshana, tukacheka; kisha akapima misumari kwa uangalifu wake wa siku zote, na hakunipunguzia hata shilingi moja.