Pikipiki Kuukuu Yataka Daftari Kabla ya Rangi

Pengine hakuna mtaa siku hizi usiokuwa na kijana anayefufua pikipiki kuukuu nyuma ya nyumba yao. Huununua mzoga kwa bei ya kutupa, akaukokota hadi uani, akang'oa madigadi, akafupisha kiti, akageuza usukani, kisha akaupaka tangi rangi ya kung'aa. Wako wazee wenzangu wanaosema huu ni upuuzi wa kupoteza wakati. Mimi si mmoja wao. Kijana anayeshika spana jioni nzima kwa hiari yake yuko katika shule ambayo hailipiwi karo, na chombo kilichokuwa kiende kwenye mizani ya vyuma chakavu kinarudi barabarani. Hiyo ni kheri.

Ila kheri hiyo ina kasoro, nayo ni kuwa kazi huanzwa kinyume. Rangi hutangulia, nyaya huja nyuma, tena hufungwa kwa kubahatisha. Ninaloshikilia leo ni hili: mtu yeyote anayetaka kutengeneza upya umeme wa pikipiki nyumbani kwake asikate waya hata mmoja kabla hajauchorea ramani, na ramani hiyo aiandike kwa Kiswahili, katika daftari litakalokaa na chombo hicho maisha yake yote.

Mtu asidhani natafuta urembo wa makaratasi. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kwa kila sekunde moja. Taa ikizimika ghafla usiku kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pahali pasipo taa za njiani, mwendeshaji na abiria wake watakuwa wamekwenda mita 34 gizani kabla hajamaliza kusema "La ilaha". Anayesuka nyaya za pikipiki ameshika roho za watu mkononi, aijue au asiijue.

Sasa na tuutazame umeme wenyewe. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na umeme ndivyo ulivyo. Hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na swichi, ukafika kwenye taa au honi, kisha lazima urudi betrini. Njia ya kwenda mafundi huiita waya wa moto. Njia ya kurudi, aghalabu, ni chuma chenyewe cha fremu pamoja na nyaya zilizofungwa kwenye chuma hicho. Taa nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu hazina ubovu wowote. Kilichoharibika ni marejeo, kwa sababu kijana aliipaka fremu rangi nzito na kuufunga waya wa kurudi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Hapo tayari urembo umekwisha kuiua taa.

Halafu kuna rangi za nyaya, ambazo ndizo alifu, be, te za elimu hii. Tulipokuwa chuoni mwalimu hakutupa msahafu siku ya kwanza. Alitupa ubao, tukakaa na herufi mpaka zikatuelea. Kwa pikipiki za Honda, waya wa kijani ndio wa kurudi, mwekundu hutoka betrini, na mweusi hupata moto pale ufunguo unapofunguliwa. Kwa Yamaha, mweusi ndio wa kurudi. Basi kijana aliyefunzwa kwa Yamaha akaja kwenye Honda bila kuuliza, akaufunga mweusi kwenye fremu, siku atakapofungua ufunguo moto wote utarudi betrini bila kupitia kazi yoyote. Hiyo ndiyo shoti. Fyuzi ikiwa nzima itakatika na mambo yataishia hapo. Fyuzi ikiwa si fyuzi, nyaya zitawaka chini ya tangi la petroli.

Nasema "fyuzi ikiwa si fyuzi" kwa kuwa nimeyaona kwa macho yangu. Nyumbani ninayo Honda CG125, ya zile za mwanzo zilizotumia volti 6. Tulipoifungua, mimi na mwana wa ndugu yangu, tulikuta kuwa aliyeitengeneza kabla yetu alizitoa nyaya zote za asili na kutia nyaya za rangi moja tu, nyekundu, tangu mbele hadi nyuma. Viungo vilikuwa vimesokotwa kwa vidole na kufungwa nailoni. Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na karibu na bahari hakuna siri: hewa ya chumvi ilikuwa imeingia katika kila kiungo, shaba imegeuka unga wa kijani.

Kijana akaniambia, "Ami, hizi tuzitupe zote, tutie mpya."

Nikamwambia, "Tutazitupa, mwanangu, lakini kwanza tuziandike."

Tulikaa jioni tatu na daftari la shule la mistari. Kila waya tuliufuata kwa mita ya umeme kutoka mwanzo hadi mwisho, tukauandika: unatoka wapi, unakwenda wapi, unapitisha nini, una unene gani. Katika kuandika huko ndipo tulipoyaona mambo ambayo macho matupu yasingeyaona. Taa ya wati 35 katika volti 6 huvuta takriban ampea 6, ilhali katika volti 12 ingevuta kama 3 tu. Kwa hiyo pikipiki hizi za kale zataka waya mnene zaidi, maana nusu volti ikipotea njiani katika 6 hasara yake ni maradufu ya ile ya 12. Waya mwembamba tuliourithi ndio ulioifanya taa ile imulike kama kibatari. Hesabu hii si ya jana. Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827. Daftari pia lilituonyesha kuwa nyaya zilizokatika ndani kwa ndani zilikuwa zote pale shingoni, usukani unapopindia. Tulipofunga mpya tuliziachia ulegevu, ili usukani ugeuke kulia na kushoto bila kuzivuta.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kuwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule Lamu, wameunda vyombo vizazi na vizazi bila ramani ya karatasi, na vyombo vikaenda Arabuni na kurudi. Ni kweli, nami nawavulia kofia. Lakini jahazi lote hukaa wazi mbele ya macho. Mwanafunzi huuona ubao ukipindwa na msumari ukipigwa, na akisahau, chombo cha jirani kiko pale pale akitazame. Umeme haukubali hivyo. Hauonekani, na njia yake ikishafungwa tepu na kupitishwa chini ya tangi, hata aliyeifunga huisahau baada ya mwaka. Jicho halitoshi hapa.

Wala kuandika kazi ya mkono si desturi ya kigeni kwetu sisi tuliolelewa na vitabu vya chuoni. Fundi al-Jazari, aliyewatumikia wafalme wa Artuqi huko Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu cha saa za maji, pampu na mitambo mingine, akichora kila kifaa na sehemu zake na kueleza namna ya kukiunda. Alikiandika kwa agizo la mfalme wake, ambaye hakutaka kazi ile ipotee. Fundi yule alikuwa na mikono michafu kama ya fundi yeyote wa jua kali, na kwa kuwa aliandika, leo miaka zaidi ya 800 watu wameweza kuviunda tena vifaa vyake.

Hapa ndipo penye shaka yangu kubwa, nayo ni ya lugha. Mafundi wetu wana Kiswahili kizima cha kazi hii: moto, shoti, kulehemu, koili, plagi. Maneno hayo yamezaliwa gereji na yanafanya kazi kila siku, lakini hayamo katika maandishi yao kwa kuwa hawaandiki. Upande wa pili, wataalamu wa lugha hutunga istilahi mezani, zikafungiwa vitabuni, na fundi hazijui. Daftari la pikipiki moja ni kitu kidogo, lakini yakiwa mia yatakuwa kamusi ambayo hakuna kamati ingeweza kuitunga.

Basi vijana, tieni rangi muitakayo, fupisheni viti mpendavyo. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari la bei ndogo na kalamu mbili, moja nyekundu na moja nyeusi. Nanyi walimu wa vyuo vya ufundi, msimpe mwanafunzi alama ya kazi ya umeme mpaka awaonyeshe ramani aliyoichora mwenyewe. Daftari likamilikapo, litiwe katika mfuko usiopitisha maji, lifungwe chini ya kiti. Na siku pikipiki itakapouzwa, liuzwe pamoja nayo, kama ufunguo.